Msimamizi wa Mirathi Amenyamaza? Haki Yako ya Kuona Hesabu

Kuna swali ambalo wahudumu wetu hulisikia mara kwa mara. Mtu anakuja na cheti cha kifo mkononi, anaketi, anauliza kwa sauti ya chini: "Baba alikuwa na pesa ngapi kwa simu?"

Jibu letu huwaudhi wengi. Tunasema hatuwezi kukuambia. Wewe ni mtoto wake wa kuzaa, una kitambulisho, una cheti cha kifo, na bado hatuwezi. Sheria inatutaka tulinde taarifa za mteja wetu na pesa zake, na kuziachilia kwa mtu mmoja tu: yule aliyepewa na korti hati ya kusimamia mirathi.

Wengi huondoka wakidhani hawana haki ya kujua. Hapo ndipo wanapokosea. Haki ya kujua unayo. Ila mlango wake wa kwanza ni kwa msimamizi. Sisi tunampa yeye taarifa kwa sababu ya ile hati, naye, kwa sababu ya hati iyo hiyo, ana deni la hesabu kwenu warithi.

Somo la leo ni hilo: unaweza kudai nini, kwa nani, lini, na ufanye nini msimamizi akinyamaza.

Msimamizi si mwenye mali

Tuanze na mfano. Mzee amefariki bila kuandika wosia. Ameacha mjane, watoto wanne, shamba la ekari mbili, ploti yenye vyumba vinane vya kupangisha, na pesa kiasi kwenye laini yake. Familia inakubaliana kifunguamimba ndiye aende kortini pamoja na mama. Wanapewa hati. Kuanzia siku hiyo kodi ya vyumba inaingia kwa simu ya kifunguamimba. Mwaka unapita. Dada akiuliza, anaambiwa: "Si mliniamini? Tulieni, nitawaita."

Huyo kaka huenda si mwizi. Labda amechoka tu, maana korti ina mambo mengi. Lakini amesahau jambo moja. Ile hati haikumpa mali. Imempa kazi.

Kenya kazi hiyo imeandikwa kwenye Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981. Iwe aliteuliwa na marehemu kwenye wosia au na korti pale ambapo hakuna wosia, msimamizi anashika mali kwa niaba ya wengine. Majukumu yake yako kwenye kifungu cha 83. Agharimie mazishi kutoka kwa mali ya marehemu. Akusanye mali yote. Alipe madeni. Kisha agawe kinachobaki kwa wenyewe. Na katikati ya hayo yote, atoe hesabu.

Hesabu gani, na lini?

Hapa sheria iko wazi, kwa hivyo shika tarehe hizi.

*Ndani ya miezi sita tangu hati itolewe.* Msimamizi anatakiwa kupeleka kortini orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu, pamoja na hesabu ya kila alichofanya na mali hiyo hadi siku hiyo.

*Baada ya miezi sita hiyo.* Anaomba korti ithibitishe hati. Korti inaweza kufupisha muda huo kukiwa na sababu. Hapa ndipo inaandikwa nani ni mrithi na nani anapata nini. Kabla ya uthibitisho hakuna ruhusa ya kugawa mali yenyewe. Akikuambia "shamba tumeshagawa" na hati haijathibitishwa, uliza maswali.

*Ndani ya miezi sita baada ya uthibitisho.* Anatakiwa awe amemaliza kazi na kupeleka kortini hesabu ya mwisho, isipokuwa korti imemwongezea muda.

*Wakati wowote.* Korti inaweza kumwamuru atoe orodha na hesabu, kwa hiari yake yenyewe au kwa ombi la mtu yeyote mwenye haki katika mirathi hiyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yako. Mrithi ni mtu mwenye haki. Huhitaji ruhusa ya kaka mkubwa kuomba.

Angalia kwamba sheria inasema hesabu ipelekwe kortini. Haisemi akutumie kwa WhatsApp kila mwisho wa mwezi. Lakini kinachopelekwa kortini huwekwa kwenye faili, na mrithi anaweza kwenda masijala akaomba kuisoma. Katiba nayo, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake.

Kabla ya kuuliza, jua kile ambacho tayari kiko wazi

Usianze kwa kugombana. Mengi unaweza kuyapata mwenyewe.

1. *Barua ya chifu.* Safari ya korti huanza na barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Omba nakala. Jina lako limo? La dada aliyeolewa je? Wako wanaodhani binti akishaolewa anatoka kwenye orodha. Sheria haisemi hivyo. Mtoto ni mtoto, awe wa kike au wa kiume, ameolewa au hajaolewa.

2. *Gazeti Rasmi la Serikali.* Ombi la hati hutangazwa na wenye pingamizi hupewa muda usiopungua siku 30. Magazeti hayo yanasomwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa jina la marehemu, utapata nambari ya kesi na korti.

3. *Faili ya korti.* Ukiwa na nambari ya kesi, nenda masijala uombe kusoma faili. Ndani kuna kiapo cha msimamizi kinachoorodhesha mali na warithi. Angalia pia fomu za ridhaa. Kama kuna sahihi yako ambayo hukuitia wewe, hilo ni jambo zito. Mwone wakili mara moja.

4. *Ofisi ya ardhi.* Upekuzi rasmi utakuonyesha kama shamba bado liko kwa jina la marehemu.

5. *Mali za kifedha zisizodaiwa.* Pesa zilizolala muda mrefu kwenye benki, bima, hisa au simu hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayozitunza, na unaweza kutafuta jina la marehemu kwenye tovuti yake. Kuzidai ni kazi ya msimamizi, lakini hakuna anayekukataza kujua kwamba ziko.

Tahadhari kidogo hapa. Mali ikikosekana kwenye orodha si lazima iwe imefichwa. Pensheni hufuata utaratibu wake na haihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Bima ya maisha iliyoandikwa jina la mtu maalum kwa kawaida hulipwa kwa mtu huyo. Ardhi ambayo mume na mke walimiliki kwa pamoja, kwa namna ya anayebaki kuchukua yote, humwendea aliyebaki. Uliza kwanza, usishutumu.

Simu ya marehemu: hapa ndipo wengi huteleza

Kuna familia ambapo mtu anajua PIN ya marehemu. Matanga hayajaisha, pesa zimeshatolewa kwa wakala. "Zilikuwa za jeneza," anasema. Pengine ni kweli. Lakini kuchukua au kutumia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa chini ya kifungu cha 45. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Juu ya hayo, mhusika anaweza kutakiwa kujibu kwa kile alichochukua.

Njia salama ni hii. Toeni taarifa ya kifo kwetu mapema ili laini ifungwe kwa miamala. Pesa hazipotei, zinakaa. Msimamizi akishapata hati ya korti, aje nayo pamoja na cheti cha kifo na kitambulisho chake. Tutampa salio, na akiomba, taarifa ya miamala.

Taarifa hiyo ni karatasi yenye nguvu. Inaonyesha wapangaji waliokuwa wakilipa, watu waliokopeshwa, chama alichokuwa akichangia, bima aliyokuwa akilipia. Msimamizi makini huisoma mstari kwa mstari, kwa sababu kazi yake ni kukusanya mali yote, hata ile ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Tuseme ukweli mwingine pia: taarifa hiyo wakati mwingine huonyesha jambo ambalo familia haikulijua. Shilingi 5,000 kila tarehe 3, miaka minne, kwa nambari moja. Huenda ni deni. Huenda ni mtoto. Mtoto wa marehemu ana haki katika mirathi hata kama mama yake hakuolewa. Msimamizi akijua na akakaa kimya kortini, amejiweka hatarini: hati iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu inaweza kufutwa. Ni afadhali aibu ya siku moja kuliko kesi ya miaka kumi.

Hesabu nzuri inafananaje?

Turudi kwa ile ploti ya vyumba vinane. Kila chumba ni shilingi 4,500 kwa mwezi. Kwa miezi sita ilitakiwa iingie 216,000. Hesabu ya msimamizi inasoma hivi:

Iliyoingia:
- Salio la simu ya marehemu: 31,400
- Kodi ya miezi sita (chumba kimoja kilikuwa wazi miezi miwili): 207,000
- Jumla: 238,400

Iliyotoka:
- Bili ya hospitali iliyobaki: 62,000
- Wakili na ada za korti: 45,000
- Ukarabati wa tanki na choo: 23,500
- Maji na kuzoa taka: 19,200
- Jumla: 149,700

Iliyobaki: 88,700

Hii ni hesabu unayoweza kuisoma na kuiuliza. Risiti ya hospitali iko wapi? Fundi wa tanki alilipwa kwa nambari gani ya muamala? Chumba kipi kilikuwa wazi, na mpangaji mpya aliingia lini? Na swali ambalo watu husahau: hiyo 88,700 imekaa wapi leo? Kama iko kwenye simu ya msimamizi, imechanganyika na karo ya watoto wake na pesa ya unga, basi karatasi inasema ipo lakini mfuko hauna.

Swali lingine ni la matanga. Gharama za mazishi ni halali kutoka kwa mali ya marehemu. Lakini kama wanakijiji, kanisa na wafanyakazi wenzake walichanga, na michango ikatosha, haifai mazishi yaleyale yaandikwe tena kwenye hesabu ya mirathi. Mwombeni mweka hazina wa matanga orodha yake, muilinganishe na hesabu ya msimamizi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari liko mfukoni mwako. Kila muamala una nambari, tarehe na saa. Hakuna sababu ya "sikumbuki".

Jinsi ya kuuliza bila kuvunja familia

Uliza kwa maandishi, uliza mambo mahususi, na weka tarehe. "Hesabu iko wapi?" kwenye kikundi cha familia saa tano usiku ni ugomvi. Ujumbe kama huu ni ombi:

*"Kaka, shikamoo. Poleni na kazi ya korti, tunajua si rahisi. Miezi sita tangu mpate hati imeisha tarehe 14. Naomba wewe na mama mtusaidie na mambo manne: nakala ya orodha ya mali mliyopeleka kortini, kodi iliyoingia tangu Januari na matumizi yake, salio lililokuwa kwenye simu ya baba, na mahali pesa zilizobaki zimewekwa. Kama risiti ni nyingi, naweza kuja Jumamosi tuzipange pamoja. Tafadhali nijibu kufikia tarehe 30."*

Ujumbe huu una heshima, lakini hauna mwanya. Tena unatoa msaada. Wasimamizi wengi hunyamaza si kwa sababu wameiba, ila hawajui waanzie wapi na wanaona haya kusema.

Hifadhi ujumbe na jibu lake. Ikibidi kwenda kortini, huo ndio utakuwa ushahidi wako kwamba uliomba kwa ustaarabu.

Akikataa je?

Panda ngazi moja baada ya nyingine.

*Kwanza, mkutano wa familia.* Waiteni wazee, au mchungaji, au imamu, au chifu. Andikeni mlichokubaliana, kila mtu atie sahihi.

*Pili, barua rasmi.* Barua ya wakili yenye tarehe ya mwisho mara nyingi hufungua mdomo. Kama huna uwezo, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, au FIDA Kenya kwa akina mama.

*Tatu, korti ile ile iliyotoa hati.* Unaweza kuomba imwamuru msimamizi alete orodha na hesabu. Korti pia inaweza kuwapeleka kwa upatanishi, na mirathi nyingi huishia hapo.

*Nne, kufutwa kwa hati.* Chini ya kifungu cha 76, msimamizi ambaye hakuleta hesabu inavyotakiwa, au aliyeleta hesabu ya uongo, au aliyezembea kazi baada ya kupewa ilani, anaweza kupokonywa hati. Na kama uzembe wake au matumizi mabaya yamesababisha hasara, anaweza kutakiwa kuilipa kutoka mfukoni mwake. Kutoa orodha au hesabu ya uongo kwa kujua ni kosa la jinai.

Usingoje sana. Shamba likishauzwa na pesa zikishatumika, unaweza kushinda kesi na bado ukaondoka mikono mitupu. Swali linaloulizwa mwezi wa saba ni rahisi kuliko kesi ya mwaka wa saba.

Kwa Waislamu, mafungu ya urithi hufuata sheria ya Kiislamu, na Korti ya Kadhi inaweza kusikiza shauri ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Hilo halimwondolei msimamizi wajibu wa hesabu. Amana ni amana.

Haki ya kujua ina mipaka

Kuona hesabu si kuendesha mirathi. Msimamizi hahitaji kura yenu kwa kila bomba linalovuja. Halazimiki kujibu simu kumi kwa siku. Na si kila mstari wa simu ya marehemu ni wa kusambazwa kijijini. Mambo ya ugonjwa wake, au sadaka aliyompa mtu kwa siri, hayahitaji kufika kwenye kikundi chenye watu sitini. Unachodai ni pesa na mali: kilichokuwepo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Na kama msimamizi ni wewe?

Basi somo hili ni la kukulinda. Fanya mambo matano:

1. Tenga laini au akaunti ya benki ya mirathi peke yake. Usipokee kodi kwa laini yako ya kila siku.
2. Wape wapangaji nambari moja ya kulipia, na uwaandikie.
3. Lipa kwa simu au benki kadiri uwezavyo, uepuke pesa taslimu. Muamala ni shahidi wako.
4. Pakua taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi uihifadhi.
5. Watumie warithi muhtasari hata kabla hawajauliza. Mistari mitano inatosha: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, iko wapi, na kesi imefika wapi.

Watoto wadogo wakiwemo kati ya warithi na hakuna wosia, sheria haitaki msimamizi awe mtu mmoja peke yake, isipokuwa awe ni Mdhamini wa Umma au shirika la amana. Mkiwa wawili, wote mjue PIN za nani zinatumika na wote mtie sahihi hesabu. "Mimi sikujua, ni yeye" ni jibu dhaifu mbele ya hakimu.

Kwa kifupi

Sisi tutaendelea kulinda salio la marehemu mpaka mwenye hati aje. Tunafanya hivyo kwa sababu yako wewe mrithi, ili asije mtu mwenye PIN na mkono mwepesi akazimaliza kabla ya arobaini. Lakini mwenye hati akishapokea, jukumu la kuuliza linahamia kwako. Uliza mapema, uliza kwa maandishi, uliza kwa heshima. Na ukiletewa hesabu safi, sema asante kwa sauti mbele ya ndugu wote, maana kazi hiyo haina mshahara wala makofi.

*Makala haya ni ya kuelimisha wateja. Kwa shauri la familia yako, zungumza na wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.*